Msiba wa Madam Levina

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga, la hasha, ila wenyewe hatujawaomba ruhusa, na kuwaomba haiwezekani, maana wanatazama televisheni. Nchi hiyo iliongoza bara zima kwa kukaa kitako miaka sita mfululizo. Kikombe cha ushindi kipo ikulu hadi leo, ndani ya kabati la vioo, juu yake pana televisheni.

Wenye roho mbaya husema serikali ilianza kugawa televisheni za bure mwaka uleule mabomba ya maji yalipokauka. Mimi naona ni sadfa tu. Serikali gani yenye akili iwape watu tamthilia ili wasiulize maji? Na wala hawakufichwa chochote: waliambiwa maji yatatoka msimu ukiisha. Msimu haujaisha, sasa kosa la nani?

Tamthilia yenyewe iliitwa *Ghorofa ya Tisa*. Ilirushwa sehemu kumi kwa siku, na jioni kulikuwa na marudio kwa aliyekuwa chooni. Ilimhusu Madam Levina, mjane tajiri mwenye mawigi arobaini na mawifi watatu wabaya. Wananchi walimjua Madam Levina kuliko walivyowajua shangazi zao. Watu walikosana kwa ajili yake, ndoa zilivunjika, na mbunge mmoja alipoteza kiti kwa kusema hadharani kwamba wifi wa pili naye ana haki.

Kwa kukaa huko, miguu ikaanza kufa ganzi na macho yakawa mekundu. Serikali ikaona huruma, ikaunda Wizara ya Ustawi wa Watazamaji, yenye kaulimbiu isemayo "Mwenye Macho Atazame". Wizara ilifanya utafiti wa miezi minane, ikagundua kwamba tatizo si kutazama bali ni kutazama bila usimamizi. Ndipo yakaja matone ya macho, mito ya kukalia yenye nembo ya taifa, na watumishi wapya wa umma walioitwa wanyanyuaji.

Chande alikuwa mnyanyuaji wa Mtaa wa Visimani. Kila baada ya sehemu nne aliingia nyumba kwa nyumba akapuliza filimbi. Watu walisimama, wakanyoosha mikono, wakahesabu mpaka kumi bila kuondoa macho kwenye kioo, wakakaa. Chande aliandika kwenye fomu "Wamenyanyuka", akakimbilia nyumba inayofuata. Alikuwa mwembamba, hana utulivu hata akila, na kwa kuwa mtaa mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitembea, njia zote zilikuwa zimebaki na upana wa miguu yake miwili.

* * *

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa mkunga. Kabla ya televisheni, nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake ikilia. Kuzima televisheni lilikuwa kosa, kwa hiyo yeye ya kwake aliigeuza ikatazama ukuta, akaendelea kusuka ukili wake. Chande alikuwa mtumishi wa serikali, akajifanya haoni.

Siku za mwisho alipoanza kuishiwa pumzi, Bi Somoe alimwita mwanawe kitandani.

"Chande, mimi watu hawa nimewapokea wote. Siku yangu ikifika, na wao wanisindikize. Usije ukanizika kimyakimya kama mtu aliyeiba."

"Watakuja, mama. Si majirani zetu wa kufa na kuzikana?"

"Walikuwa," alisema mama yake. "Niahidi."

Chande akaahidi. Jumanne alfajiri Bi Somoe akakata roho, na Chande akatoka mbio kwenda kuwaambia majirani.

Nyumba ya kwanza walikuwa wanalia. Chande alisimama mlangoni, moyo ukamlainika. Alidhani habari imemtangulia, kama zamani. Lakini mama mwenye nyumba aliinua uso uliovimba na kusema, "Sehemu ya elfu ishirini na moja, mia moja na nne, Chande. Wifi wa tatu kamtilia sumu kwenye juisi. Madam hayupo tena."

"Mama yangu amefariki," alisema Chande.

"Kweli msiba hauji peke yake," alisema yule mama, akarudisha macho kwenye kioo.

Nyumba ya pili walilia, ya tatu walilia. Ya nne walikuwa wamezimia wawili. Alipofika ya saba Chande akachanganyikiwa, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Watu kumi na moja wakasimama. "Ndugu zangu, Bi Somoe amefariki! Namtaka mtu wa kunisaidia, hata mmoja!" Wakanyoosha mikono, wakahesabu mpaka kumi, wakakaa. Chande aliganda pale na filimbi mdomoni. Ndiye aliyewafundisha hivyo.

* * *

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Ndomba, alikuwa ofisini kwake amevaa suti nyeusi. Leso yake ilikuwa imelowa.

"Haraka haraka haina baraka, Chande. Kaa kwanza, tumfikirie marehemu."

"Marehemu ni mama yangu, Mwenyekiti. Naomba turubai, naomba jeneza la mtaa, na vijana wa kuchimba kaburi. Joto hili unaliona mwenyewe. Hospitalini wamenirudisha, chumba cha maiti hakina umeme. Wameuhamishia kwenye televisheni za wodini."

"Kwa ustawi wa wagonjwa," alisema Mwenyekiti, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua kitabu kinene. "Tatizo liko hapa. Kanuni ya kumi na saba: mtaa mmoja, msiba mmoja. Turubai lipo kwa Madam Levina. Jeneza lipo kwa Madam Levina. Kaburi limechimbwa tangu asubuhi, tunazika kesho saa nne, na Naibu Waziri anakuja mwenyewe. Wa kwako huu unaitwa Kifo Kisichorushwa Hewani. Una fomu yake, ya njano."

"Nipe hiyo fomu."

"Zimekwisha. Lakini tunaweza kuanza na mambo ya awali. Marehemu alipofariki, alikuwa na watazamaji wangapi?"

Chande alimkazia macho. "Nilikuwapo mimi."

"Mmoja," alisema Mwenyekiti, akaandika. "Mmoja ni wachache, Chande. Nisikufiche. Watu wa wizara wakiona mmoja watauliza kama kweli alikuwepo. Basi subiri siku saba za maombolezo ziishe, uje tuone."

"Siku saba! Mwenyekiti, mama ataoza!"

"Punguza sauti. Watu wana msiba."

Chande alitoka nje akizunguka, hajui aelekee wapi. Aliwaza kuchimba mwenyewe nyuma ya nyumba. Jembe alikuwa nalo. Mchana mzima angeweza kumaliza. Lakini kila alipolifikiria jembe alisikia ile "kama mtu aliyeiba", na miguu ikamrudisha barabarani.

* * *

Mtu aliyemwosha Bi Somoe alikuwa Bi Mwajabu, rafiki yake wa tangu usichana. Bi Mwajabu hakuwa na televisheni. Ya kwake iliungua mwaka jana, na wizara ilikuwa imemwandikisha kuwa mgonjwa wa ukimya, anayesubiri tiba. Alipomaliza kuosha na kuvisha sanda, alitoka akamkuta Chande anazunguka uani.

"Utaitoboa hiyo ardhi. Kaa."

"Siwezi kukaa, Bi Mwajabu. Nimemwahidi watu. Watu nitawatoa wapi?"

Bi Mwajabu alikaa yeye. Alijifuta mikono na kanga taratibu.

"Kwenye jeneza lao wameweka nini? Huyo mwanamke wa televisheni si yuko huko kwenye televisheni?"

"Wameweka mgomba."

Hapa nieleze kidogo. Watu wa nchi ile tangu zamani, mtu wao akifia mbali na mwili usipatikane, walikata mgomba wenye urefu wake, wakauvisha sanda, wakauzika kwa machozi na dua ili roho itulie. Ni desturi ya heshima sana. Sasa mwili wa Madam Levina ulikuwa hauwezi kupatikana kwa sababu iliyotajwa na Bi Mwajabu, na kila mtaa ulitaka kumzika. Basi nchi nzima ilikatwa migomba mia nne na kumi na miwili, na bei ya ndizi haijatulia mpaka leo.

"Chande mwanangu," alisema Bi Mwajabu, "watu unao. Kaburi lipo. Jeneza lipo. Machozi yapo mpaka yanamwagika. Kinachokosekana pale ni maiti tu, na maiti tunaye sisi."

Chande akaacha kuzunguka. "Azikwe kwa jina la mtu mwingine? Tena mtu ambaye hata hayupo?"

"Alitaka jina au alitaka watu?"

Chande alikwenda kutafuta mkokoteni.

Saa kumi jioni yalianza marudio ya ile sehemu ya sumu, na mtaa mzima ukaingia ndani. Chande alisukuma, Bi Mwajabu akatembea kando ameshika ukingo wa mkeka. Kila nyumba waliyopita watu walikuwa wanalia kwa sauti, dirisha baada ya dirisha, kushoto na kulia, na Bi Somoe akapita katikati ya kilio hicho akiwa amelala chali. Chande naye machozi yalimtoka. Alijua hawamlilii mama yake, lakini masikio hayajui hilo.

Ukumbi wa mtaa haukuwa na mlinzi. Mlinzi alikuwa anatazama. Waliutoa mgomba, wakamlaza Bi Somoe, Bi Mwajabu akamnyooshea sanda begani na kumwambia, "Safari njema, shoga." Mgomba waliuvua sanda, wakautupia mbuzi wa Mwenyekiti, nao wakashukuru.

* * *

Mazishi yalifana. Kulikuwa na maturubai matano, vipaza sauti, na wanawake mia tatu waliovaa sare za kanga zenye picha ya Madam Levina akiwa na wigi la kumi na mbili. Wapishi walipika pilau, wachimbaji walisimama na makoleo wakilia, na wanaume sita waliobeba jeneza wakawa wanapokezana njiani.

"Mzito," mmoja alinong'ona.

"Mtu tajiri," mwenzake akamjibu.

Naibu Waziri alikuwa mtu mnene mwenye miwani miwili, mmoja wa kutazamia na mmoja wa kusomea. Alipanda jukwaani akavaa wa kusomea.

"Ndugu watazamaji wenzangu! Serikali yenu sikivu na tazamizi imepokea kifo hiki kwa mshtuko wa kiwango cha kimataifa. Marehemu alikuwa mama. Narudia, alikuwa mama! Alituingilia majumbani mwetu, hakuchagua mlango wa tajiri wala wa maskini. Nani hapa hakumwona alipofumbua macho asubuhi? Nani hakulia mbele yake? Kwa niaba ya wizara natangaza kuongeza mgao wa matone ya macho, ili machozi ya taifa yasipungue!"

Watu walipiga makofi huku wakilia. Chande alisimama ukingoni mwa kaburi akisikiliza kila neno, maana yule bwana, bila kujua, alikuwa amemsema Bi Somoe vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumsema. Hakuchagua mlango wa tajiri wala wa maskini. Ni kweli. Hata kwenye mafuriko alikuja na taa kichwani.

Jeneza liliposhushwa Chande alishindwa kujizuia, akaangua kilio kikubwa. Mwanamke mmoja akamshika mkono.

"Jikaze, kaka. Kumbe na wewe ulikuwa unamfuatilia?"

"Tangu nizaliwe," alisema Chande.

Alirudi nyumbani akalala usingizi wa kwanza baada ya siku mbili. Ahadi ilikuwa imetimia: mama amesindikizwa na watu elfu moja na Naibu Waziri. Asubuhi alichukua filimbi akaenda kazini, na kama hadithi ingekuwa mali yangu ningeikomesha hapo.

* * *

Lakini ustawi wa watazamaji ulianza kuharibika. Bila Madam Levina, *Ghorofa ya Tisa* ilibaki ya mawifi watupu, na watu wakaanza kufanya mambo ya ajabu. Wengine walifungua madirisha. Wengine walitoka nje wakaulizana hali. Siku ya tano, taarifa ya siri ilisema wananchi watatu wamekutwa wamesimama mbele ya bomba kavu, wanalitazama, na mmoja wao amelifungua.

Wizara ilikutana kwa dharura. Siku ya saba, sehemu ya elfu ishirini na moja, mia moja na sabini na nne, Madam Levina alifumbua macho. Ilielezwa kwamba juisi ile haikuwa na sumu ya kutosha.

Nchi ililipuka kwa vigelegele. Papo hapo likatoka tangazo: kwa kuwa Madam yu hai, na kwa kuwa kumwacha mtu aliye hai kaburini ni kinyume cha ustawi, makaburi yote mia nne na kumi na mawili yamefutwa. Kila mtaa ufukue mgomba wake leo hii, uuchome kwa shangwe, na picha zitumwe wizarani.

Chande alikuwa nyumba ya kumi na nne aliposikia. Watu walikuwa wakirukaruka. Hakumaliza kuandika fomu. Alikimbia kupita njia zake nyembamba, lakini safari hii zilikuwa zimejaa, mtaa mzima umo barabarani na ngoma na majembe, na ilimbidi apenye kwa mabega. Alipofika makaburini jembe la kwanza lilikuwa limeshapigwa. Alijitupa juu ya udongo.

"Acheni!"

"Toka, Chande," alisema Mwenyekiti Ndomba. Alikuwa amevaa shati la maua. "Ni agizo. Au wewe hufurahi Madam kupona?"

"Humu hamna mgomba."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna mama yangu. Yumo Bi Somoe."

Ngoma ilinyamaza. Watu wakatazamana.

"Bi Somoe mkunga?" aliuliza mmoja. "Amekufa? Mbona juzijuzi tu nilimwona."

"Lini?"

Yule mtu alifungua mdomo, akahesabu kwa vidole, akaacha. Mwingine akasema lazima kuna makosa, mtu mkubwa kama yule hawezi kufa mtaa usijue. Mwenyekiti alisema suala hilo linahitaji fomu. Lakini jembe lake lilikuwa limeshuka, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Kama ni uongo, fukueni," alisema Chande, akanyanyuka akasimama kando. "Chimbeni. Mtamkuta amevaa sanda aliyovishwa na Bi Mwajabu, mikono iko kifuani. Mikono hiyo wewe Mwenyekiti unaijua. Ulitangulia kutoa miguu, kila mtu alikata tamaa, mama yako akaanza kuagwa kama maiti. Aliyekugeuza ni huyu. Na nyie pacha, aliwapokea siku ya mafuriko, mmoja kwenye meza na mmoja juu ya kabati. Na wewe dada, wanao watatu. Wa mwisho alikuja hapumui, Bi Somoe akampulizia pumzi yake mwenyewe mpaka akapiga chafya."

Hakuna aliyechimba. Kwa mazoea yao wakaanza kukaa, mmoja mmoja, juu ya nyasi, majembe mapajani, na macho yote kwake. Chande alizungumza akitembea huku na huku mbele yao, hawezi kusimama mahali pamoja. Alisimulia mambo ya mama yake mpaka sauti ikakauka. Aliwaambia habari za televisheni iliyogeuzwa ukutani, na watu walicheka. Aliwaambia habari za kitandani, na zile pumzi, na ahadi.

"Halafu?" waliuliza.

"Halafu Jumanne alfajiri akafa. Nikatoka mbio kuja kuwaambia."

Mwanamke aliyemshika mkono siku ya mazishi alikuwa amekaa mbele kabisa, bado amevaa ile kanga. Alimtazama Chande, akalitazama kaburi, na ilionekana kuna kitu alikuwa akikitafuta, hakioni.

"Na sisi, kaka," aliuliza polepole, "siku alipozikwa, sisi tulikuwa wapi?"

Chande aliacha kutembea.

"Mlikuwa hapa hapa," alisema. "Mlilia sana."